Sura ya Tano: Herufi Nzito ya Mtaa wa Fann

Mtu aliyepita mitaani London mwaka 1820 alisomeshwa apende asipende. Kuta za majumba, mbao zilizozungushiwa viwanja vya ujenzi, milango ya maduka yaliyofungwa, kila palipokuwa na nafasi palibandikwa karatasi. Bahati nasibu ya serikali inachezwa. Farasi wanapigwa mnada. Kuna dawa ya kuponya kila ugonjwa, kuna mchezo mpya ukumbini, kuna meli inang'oa nanga. Wabandikaji walizunguka na ndoo ya gundi na brashi ndefu, na bango la leo likapandishwa juu ya bango la jana. Katika msongamano huo, tangazo lisilosomeka na mtu aliye upande wa pili wa barabara lilikuwa hasara tupu kwa aliyelilipia.

Wapiga chapa walijaribu kwanza kukuza herufi walizokuwa nazo. Mwishoni mwa karne ya 18, herufi za vitabu zilizokuwa zikisifiwa Ulaya ni zile za Giambattista Bodoni wa Parma na za ukoo wa Didot wa Paris. Mguu wa herufi ulikuwa mnene, na mistari ya kuunganisha ilikuwa myembamba mno. Ndani ya kitabu, kwa ukubwa wa kawaida, tofauti hiyo inapendeza. Robert Thorne, mwenye kiwanda cha kusubu herufi katika Mtaa wa Fann, London, aliinenepesha miguu hiyo kupita kiasi, akapata herufi za matangazo zilizovuma mwanzoni mwa karne ya 19. Zilikuwa nyeusi kweli. Lakini mistari myembamba ilibaki vilevile, na hapo ndipo kasoro ilipojificha. Ukisimama mbali, vijiti vya E vinafifia na unabaki na nguzo moja; H inageuka jozi ya nguzo zisizojuana. Na mtamboni, herufi ya risasi ikishagandamizwa kwenye karatasi mara elfu kadhaa, ule wembamba ndio unaovunjika kwanza.

Jibu lilitoka kwa msubu herufi mwingine wa London, Vincent Figgins, katika kitabu chake cha sampuli cha kati ya 1815 na 1817. Chukua riwaya yoyote uliyo nayo karibu, utazame chini ya miguu ya n au m. Utaona kijiti kidogo kinacholala juu ya mstari na kufunga ncha ya mguu. Hiyo ndiyo serifu. Figgins aliichukua serifu akaifanya nene karibu sawa na mguu wenyewe, bapa, yenye kona kali za mstatili. Hakuna tena sehemu dhaifu. Wasanifu wa leo huziita herufi za namna hii slabu, na ndivyo nitakavyoziita hapa. Za Figgins zilikuwa herufi kubwa peke yake. Zilikuwa za kutangaza, na tangazo la wakati ule liliweza kuishi bila herufi ndogo.

Muda si mrefu zikaitwa za Kimisri. Napoleon alikuwa amevamia Misri mwaka 1798, na kwa miaka mingi baada ya hapo Ulaya ilishikwa na hamu ya kila kitu cha nchi hiyo, kuanzia samani hadi majengo. Mwaka 1812 London ilifungua ukumbi mzima wa maonyesho, huko Piccadilly, wenye sura ya hekalu la Kimisri. Herufi hizi hazikuchukua chochote kutoka Mto Nile. Jina lilikuwa la kuuzia, na lilishika kiasi kwamba zaidi ya miaka 100 baadaye slabu mpya zilizotolewa Ujerumani na Marekani zilibatizwa Memphis, Karnak na Cairo.

Herufi ya slabu imekaa kama kinu: kitako kipana, haiyumbi. Kukaa huko kuna kazi mbili. Kwanza, slabu za chini zinapofuatana huchora mstari ambao jicho linaufuata bila kuutafuta, na hilo ni muhimu zaidi pale herufi zinapokuwa nzito, kwa sababu uzito peke yake huwa unalifanya neno kuwa dude moja jeusi. Pili, ncha za herufi zinatofautiana waziwazi. Andika jina Ilala kwa fonti isiyo na serifu, kama ile ya kawaida ya kompyuta nyingi, kisha uangalie herufi mbili za kwanza. I kubwa na l ndogo ni fito mbili zilizosimama, na asiyeijua Dar es Salaam anaweza kukwama. Kwenye slabu, I kubwa ina kofia na kitako pande zote mbili, na l ndogo ina kitako chini lakini juu inatoa ncha upande wa kushoto tu. Jina linasomeka lenyewe.

Hata hivyo, kwa miaka 30 hivi slabu ilibaki mpiga kelele wa ukutani. Ilikuwa pana, nzito, na isiyovumilia jirani. Ukiiweka katikati ya ukurasa wa kitabu, aya nzima ilionekana imemwagikiwa wino. Kilichoibadilisha ndicho kinachonifanya niipende, na kilitokea katika kiwanda kilekile cha Thorne.

Thorne alifariki mwaka 1820, na kiwanda chake kikanunuliwa na William Thorowgood, ambaye wanahistoria wa uchapaji wanasema alikinunua kwa pesa aliyoshinda kwenye bahati nasibu. Mwaka 1826 akaingia humo Robert Besley, ambaye mwaka 1838 alifanywa mbia. Besley alikuwa mtu wa biashara mwenye jicho kali. Aliona kwamba wapiga chapa wa vitabu nao wana haja ya herufi nzito, ila si ya kupiga kelele. Walihitaji ya kuonyesha mahali.

Fikiria shida yao. Mwandishi wa kamusi, wa orodha ya bei, wa ratiba ya treni au wa kitabu cha sheria anataka neno fulani lionekane haraka kuliko mengine. Kabla ya miaka ya 1840 alikuwa na njia chache. Herufi za mlazo hutenganisha neno, lakini ukurasani ni nyepesi kuliko maandishi yanayozizunguka, kwa hiyo jicho linazipita. Herufi za kale za Kigothi ni nyeusi vya kutosha, ila zinasomeka kwa taabu na zinafanya kila ukurasa uonekane wa kanisani. Zilibaki herufi kubwa. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, alipanga kila kidahizo kwa herufi kubwa. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini herufi kubwa hula nafasi, na neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa hupoteza umbo lake: juu na chini linakuwa sawasawa, halina mashina yanayopanda wala mikia inayoshuka.

Mwaka 1845 Besley alitoa herufi aliyoiita Clarendon. Aliyeichonga ni Benjamin Fox, na kazi yenyewe inastahili kuelezwa. Mchongaji alianza na kipande cha chuma cha pua chenye upana wa kidole. Kwenye ncha yake alichonga herufi moja, imegeuzwa kushoto kulia, kwa ukubwa uleule ambao ingesomwa nao kitabuni, yaani chini ya milimita mbili kwa a ndogo. Alitumia tupa na patasi ndogo, na kila baada ya muda aliiweka ncha kwenye moshi wa mshumaa, akaigonga kwenye karatasi ili aone masizi yameacha umbo gani. Akiridhika, chuma kilipashwa moto na kuzimwa kwenye maji ili kiwe kigumu, kisha kikapigiliwa kwenye kipande cha shaba. Shaba hiyo yenye shimo la herufi ndiyo kalibu. Humo humiminwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na antimoni na bati, na kila mmimino unatoa herufi moja. Kosa la mchongaji, hata likiwa dogo kuliko punje ya chumvi, lingerudiwa kwenye maelfu ya herufi.

Sasa iangalie Clarendon kwa karibu, kwa lenzi kama unayo. Slabu ipo, lakini haikukatwa kwa kona kali kama ya Figgins. Mahali mguu unapokutana na slabu pana mkunjo laini, mguu ukitanuka taratibu hadi kuwa kitako. Miguu ni minene na mistari ya kuunganisha ni myembamba kidogo, kiasi cha kulipa neno mwendo bila kuacha sehemu ya kuvunjika. Herufi a, c, f, r na y zinaishia na tone zito la mviringo, na matone hayo ndiyo yanayoipa Clarendon uso wa ukunjufu ambao slabu nyingine hazina. Kwenye R kubwa, mguu wa kulia unashuka karibu wima kisha unajikunja juu kwenye ncha, kwa mkogo fulani. Na jambo lililokuwa kubwa kuliko yote: upana wake ulibanwa ili ipangike ndani ya mstari wa maandishi ya kawaida, na iwe nyeusi kuliko jirani zake kwa kiasi cha kuonekana bila kuwasukuma.

Uzito wa herufi hauna nguvu ya peke yake. Unaipata kutoka kwa wepesi unaouzunguka. Bango lililoandikwa lote kwa herufi nzito ni sawa na lisilo na neno zito hata moja. Besley ndiye aliyeuza wazo hilo kwa wapiga chapa likiwa limewekwa kwenye sanduku la risasi, tayari kwa matumizi, na mpaka leo unapobonyeza kitufe cha kukoleza neno kwenye kompyuta unatumia wazo lilelile.

Clarendon ilisajiliwa chini ya sheria ya Uingereza ya kulinda miundo, na mara nyingi hutajwa kuwa fonti ya kwanza kulindwa hivyo. Ulinzi wenyewe ulidumu miaka 3. Muda ulipokwisha wasubu wengine waliirukia, wakachonga Clarendon zao, na Besley alilalamika hadharani bila kusaidika. Kufikia miongo ya mwisho ya karne hiyo, wapiga chapa wa Uingereza walisema Clarendon wakimaanisha herufi nzito yoyote ile. Besley mwenyewe hakufa maskini: mwaka 1869 alichaguliwa kuwa Meya wa Jiji la London.

Mahali ilipoonyesha thamani yake kamili ni kwenye kamusi. Sehemu ya kwanza ya kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford ilipotoka mwaka 1884, chini ya mhariri James Murray, vidahizo vilipangwa kwa Clarendon. Ukurasa wa kamusi hiyo una safu tatu zilizojaa maandishi madogo, aina kadhaa za herufi, vifupisho, tarehe na manukuu. Bila zile nukta nyeusi zinazoshuka pembeni mwa safu, msomaji angezama. Kwa herufi nzito anateremsha jicho, anapita maneno hamsini kwa sekunde chache, anasimama kwenye lake.

Sisi tunaosoma kamusi za Kiswahili tunadai zaidi. Kitenzi chetu hakiji uchi. Mtu akikutana na neno walivyoandikiana, kwanza anavua viambishi vya mbele, kisha vya nyuma, ndipo anafika kwenye andika. Akifungua kamusi anakuta minyambuliko imepangwa chini ya mzizi, andikia, andikika, andikisha, andikwa. Kidahizo kinapaswa kumwita kutoka mbali, na minyambuliko imwonyeshe njia kwa sauti ya chini kidogo. Ngazi mbili hizo za uzito zikipangwa vibaya, mwanafunzi wa kidato cha kwanza anafunga kamusi na kuamini kwamba neno halimo. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya A. C. Madan ilipochapwa Oxford mwaka 1903, mtambo uliobandikwa jina kwenye ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa Clarendon Press, mtambo wenye jina moja na herufi ya Besley.

Huko Marekani slabu ilipata maisha mengine, kwenye mbao. Herufi kubwa ya risasi ni nzito kubeba, ni ghali, na ikipoa huwa na mabonde yasiyoshika wino. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na mwaka uliofuata akatoa orodha yake ya kwanza. Mwaka 1834 William Leavenworth aliongeza mkono wa kunakilia, uliofuata umbo la mfano mmoja na kulichonga kwa ukubwa wowote. Mti ulikuwa wa maple mgumu, umekatwa ili uso wa herufi uwe upande wa ncha ya shina, mahali ambapo nyuzi hazichaniki. Hata hivyo mbao ni mbao. Mstari mwembamba juu yake hauvumilii mtambo, lakini slabu inavumilia, na ndiyo maana ilitawala kwenye mabango ya Amerika ya karne hiyo. Wachongaji walifika mbali kwa kuichezea: waliinyoosha, waliibana, waliifanya slabu kuwa nene kuliko mguu wenyewe, mtindo ule unaouona mpaka leo kwenye filamu za wachunga ng'ombe mtu anapotafutwa kwa zawadi. Katika mji wa Two Rivers, jimbo la Wisconsin, J. E. Hamilton alianzisha mwaka 1880 kiwanda kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote vya herufi za mbao, na leo mjini humo kuna jumba la makumbusho ambalo bado linachapa kwa herufi hizo.

Herufi hizo zilimtumikia yeyote aliyelipa. Zilitangaza sarakasi, na zilitangaza pia minada ya kuuza watu. Lakini kuna bango moja ambalo kila mwanafunzi wa usanifu angepaswa kulisoma. Lilibandikwa Boston likiwa na tarehe 24 Aprili 1851. Mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na mapema mwezi uleule wa Aprili, kijana Thomas Sims alikuwa amekamatwa mjini humo na kurudishwa utumwani Georgia. Bango liliwaonya watu weusi wa Boston wasizungumze na walinzi wala polisi wa jiji, kwa sababu sasa wamepewa ruhusa ya kuwa wateka nyara. Juu kabisa kuna neno moja la tahadhari lenye alama mbili za mshangao, limetanda karibu upana wote wa karatasi. Chini, katikati ya mistari ya herufi za kawaida, yanajitokeza kwa uzito maneno ya wateka nyara na wakamata watumwa.

Aliyelipanga alikuwa na sanduku la herufi za aina mbalimbali na, bila shaka, haraka kubwa. Alichagua. Mtu aliyekuwa akipita kwa hofu, asiyethubutu kusimama mbele ya ukuta kusoma aya nzima, aliweza kunasa maneno matatu tu akaelewa kwamba aendelee kutembea na asimjibu askari. Mengine yote angesomewa na jirani akifika nyumbani. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kukoleza neno ni uamuzi wa maadili. Unayemkolezea unamwambia asipitwe na nini.

Karne ya 20 naipitia upesi, maana slabu zake nyingi ni ndugu wa zile za awali. Ujerumani, Rudolf Wolf alichora Memphis mwaka 1929 kwa kiwanda cha Stempel, slabu ya bikari na rula, unene uleule kila mahali. Monotype ya Uingereza ikajibu mwaka 1934 kwa Rockwell, ambayo ungali unaikuta kwenye kompyuta za ofisini. Ni safi, lakini kwangu mimi zina ubaridi. Mwaka 1953 Hermann Eidenbenz wa Uswisi aliichora upya Clarendon kwa kiwanda cha Haas, na herufi ya Besley ikarudi mjini: kwenye majalada ya vitabu, kwenye vibao vya hifadhi za taifa za Marekani, ambako ilitumika kwa miaka mingi. Ukiitazama jenereta ya Honda au redio ya Sony utaona kwamba majina hayo yameandikwa kwa herufi pana zenye vitako bapa. Kampuni inayouza mashine inataka jina lake lionekane limesimama imara, na slabu inalifanya hilo bila picha.

Watu wengi zaidi wa Afrika Mashariki walizoea slabu kupitia taipureta. Mashine hiyo hutoa nafasi sawa kwa kila herufi, i ikipewa upana uleule wa m. Ili i isionekane imepotea katikati ya uwanja mtupu, ilibidi ipewe slabu ndefu juu na chini. M nayo ikabanwa hadi miguu yake ikakaribia kugusana. Yeyote aliyewahi kuandikiwa hati ya kiapo na wapiga taipu waliokaa nje ya mahakama, huku karatasi ya kaboni ikinakili chini yake, ameisoma slabu nyembamba ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo hata sasa, mbunifu akitaka waraka uonekane wa kiserikali au wa kipelelezi, huichukua. Nyingine nzito zilitufikia kwa marobota ya mitumba: zile fulana na sweta zenye jina la chuo cha Marekani lililopindwa kifuani kwa upinde, kwa herufi kubwa zenye slabu na kona zilizokatwa.

Nije kwenye matumizi, kwa mpangaji anayeandika Kiswahili. Slabu nzito ni ya vichwa vya habari, majina ya sura, namba kubwa, vidahizo, maneno ya onyo, lebo za mifuko ya unga na saruji, jina la duka. Si ya kusoma kurasa mbili mfululizo. Si ya kadi ya tanzia, ingawa nimeona nyingi. Jina la marehemu linahitaji utulivu, na slabu nzito hainong'oni. Kwenye ripoti au kitabu cha kiada, neno moja au mawili yaliyokolezwa kwa ukurasa yanatosha. Mwandishi anayekoleza sentensi nzima nzima hajaamua bado anataka kusema nini.

Lugha yetu ina tabia zake ndani ya herufi hizi, na miongozo mingi haizitaji kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya lugha nyingine. Herufi tunayoitumia kuliko zote ni a. Andika maana, baraka, mashaka. Kwenye Clarendon nzito, a ndogo ina tone juu na tumbo chini, na matundu yote mawili ni madogo. Kwenye karatasi ya gazeti, inayonyonya wino, matundu hayo huziba, na neno lenye a tatu linageuka safu ya madoa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua fonti ya slabu, usiangalie R yake yenye mkogo. Angalia a. Kama tundu lake halionekani kwenye nakala ya majaribio, kwa ukubwa utakaoutumia na kwenye karatasi utakayoitumia, punguza uzito ngazi moja au tafuta fonti nyingine.

Maneno yetu pia ni marefu. Kichwa cha habari chenye watakaoshughulikiwa hakiingii kwenye safu ya gazeti kwa slabu pana, na kulikata neno vipande viwili kwa kistari kichwani ni ubaya ambao hakuna msomaji anayeustahili. Zipo slabu zilizobanwa kwa kazi hiyo; zitumie, na usizibane mwenyewe kwa kuvuta kona ya kisanduku kwenye kompyuta, maana miguu itakonda huku slabu zikibaki nene na herufi nzima itapoteza uwiano ambao mchoraji aliuhangaikia. Au andika kichwa upya. Mara nyingi maneno mafupi yapo: badala ya watakaoshughulikiwa, weka nani zamu yake.

Neema tuliyo nayo ni kwamba herufi zetu hazivai alama juu. Mfaransa akipanga mistari miwili ya herufi kubwa lazima aache nafasi ya viashiria vyake. Sisi tunaweza kuisogeza mistari ya kichwa hadi ikaribiane sana, na slabu nzito ikipangwa hivyo inajenga ukuta mzuri wa maneno, wenye nguvu ambayo lugha nyingi haziwezi kuipata. Bango la tamasha au jalada la kitabu likitumia nafasi hiyo linapendeza mno, na nasikitika kila nionapo tumeacha mapengo makubwa kwa sababu programu iliyaweka yenyewe.

Kinachobaki ni ng'. Kibodi hutoa alama iliyonyooka, na ndani ya slabu nzito alama hiyo ni kabari iliyochomekwa katikati ya neno. Weka ile iliyojipinda, inayofanana na koma, kisha uisogeze. Fonti nyingi zimechorwa na watu wasioijua ng', kwa hiyo huacha upenyo mpana baada ya g, wakidhani neno limeishia hapo. Upenyo huo hauonekani kwenye maandishi madogo, lakini kwenye kichwa cha sentimita nne ni pengo la kupitisha kidole. Punguza nafasi pande zote mbili za alama, kwa mkono, neno kwa neno: ng'ambo, ng'ombe, king'ora, Nyang'oro. Usipofanya hivyo, kwenye bango la mnada wa mifugo msomaji ataona maneno mawili, ng na ombe, na hakuna hata moja linalouzwa.